Ukishavuta Kamba

Sabine Garcin alimtambua kabla hajageuka. Mwanamume yule alikuwa ameegemea uzio wa chuma, mgongo barabarani, uso korongoni, mguu mmoja kaupitisha mbele ya mwenzake. Mtu akijitahidi anaweza kuisahau sura, hata sauti. Lakini mgongo uliowahi kuulalia kwa raha, huo huusahau ng'o. Jambo la kwanza kumjia kichwani, aibu iliyoje, ni kwamba asubuhi ile hakuchana nywele.

Wakala wa watalii wa Moustiers alimwambia mteja wa Jumapili anaitwa Bwana Honorat, anajua kupanda miamba, na anataka njia fupi amalize kabla ya chakula cha mchana. Hilo la kumaliza mapema ndilo lililomfanya Sabine akubali.

"Bwana Honorat," alisema kwa sauti ya kazi. "Karibu La Palud."

Aurélien Bagarry aligeuka. Alikuwa amekonda, na jua la milima ya Italia lilikuwa limemchora mistari kandokando ya macho. Macho yenyewe yalikuwa yale yale, ya kijivu, yasiyojua kutazama pembeni.

"Honorat ni mume wa shangazi yangu," alisema. "Ningetaja jina langu, ungekuja?"

"Ningekuja na jiwe."

"Ndiyo maana sikulitaja."

"Msalimie shangazi yako. Halafu shika njia urudi ulikotoka."

"Mimi ni mteja, Sabine. Mteja hafukuzwi."

Sabine alitazama ng'ambo. Upande wa pili wa korongo, juu ya kuta nyeupe za mawe ya chokaa, palikuwa na msitu, na nyuma ya msitu kijiji cha Aiguines alikozaliwa huyu bwana. Tumbusi alivuka pale kwa kupiga mabawa mara mbili tatu tu. Binadamu mwenye gari huzunguka mpaka njaa imuume. Watu wa La Palud wana msemo wao kuhusu watu wa Aiguines, lakini haufai kuandikwa mbele ya watoto.

Angeweza kuondoka. Lakini kumkataa ingekuwa kumwambia kwamba baada ya miaka mitatu bado anamwogopa, na Sabine alikuwa radhi aonekane mkatili kuliko aonekane mwoga.

"Sawa," alisema. "Leo mimi ni kiongozi, wewe ni mteja. Mteja hazungumzi anaposhuka, hazungumzi anapopanda, na akifika juu anasema asante anaondoka. Tumeelewana?"

"Mteja anaruhusiwa kupumua?"

"Kwa kiasi."

Wakavaa mikanda yao ya kupandia.  Sabine alifunga kishikizo, akakifungua, akakifunga tena.

"Kiongozi wangu ana haraka," Aurélien alisema.

"Nina wageni mchana."

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Aiguines ni ng'ambo tu, si mwezini. Shangazi kaambiwa sokoni kwamba Gilles Reboul amekwenda kunyoa nywele. Mtu kama Gilles hanyoi nywele kwa ajili ya nyama ya kondoo."

Lilikuwa kweli. Gilles, mwenye mashamba ya maua ya lavenda kule Puimoisson, alikuwa anakuja kula na mama yake, na mama yake Sabine alikuwa ameweka paja la mwanakondoo jikoni tangu alfajiri. "Leo uijibu posa yake, mwanangu," Mama alisema huku akisugua kitunguu saumu. "Mtu hawezi kukaa kwenye kiti cha mgeni mwaka mzima." Sabine hakuwa na neno baya juu ya Gilles. Alikuwa mpole, mkarimu, mwenye mikono safi. Tatizo lake moja ni kwamba alipoaga na kuondoka, Sabine alichelewa kugundua kuwa ameondoka.

Na jibu lenyewe alilolibeba asubuhi ile lilikuwa ndiyo. Alikuwa amelifikiria wiki nzima, akalipiga pasi, akalikunja vizuri. Sasa huyu mtu wa ng'ambo amekuja kulikunjua.

Korongo la Verdon halipandwi kama milima ya watu wengine. Kwingine mtu huanzia chini akaenda juu. Hapa barabara iko juu, kwa hiyo unaanza kwa kushuka na kamba mpaka katikati ya ukuta, unaivuta kamba ikufuate, kisha unatafuta njia ya kurudi duniani kwa mikono na miguu yako. Viongozi wa La Palud huwatania wateja kwamba ukishavuta kamba umeoa, na talaka inapatikana juu tu.

Chini ya mti mmoja mkongwe wa mreteni palikuwa na vyuma vya kufungia kamba jozi mbili, moja kushoto, moja kulia, kila jozi na njia yake. Sabine alifunga kamba, akapiga vifundo kwenye ncha zote mbili ili anayeshuka asipitilize mwisho wake, akaitupa. Vifundo hivyo hakuvisahau hata siku moja, na kila mtu kijijini alijua sababu. Kisha akajiachia hewani.

Alishuka macho yakiwa juu. Nitasema ukweli kwa niaba yake, kwani yeye mwenyewe hangekiri: alikuwa anamtazama. Aurélien aliinamia ukingo, na Sabine aliukazia macho uso ule mpaka miguu yake ikagusa kijukwaa cha mwamba. Akajifungia ukutani, akapiga kelele kwamba kamba iko huru, kisha akamtazama anavyoshuka, taratibu, bila kurukaruka, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yenye mtoto aliyelala.

Aurélien alitua kando yake. Akatazama vichaka vilivyoota nyuma ya Sabine, na rangi ikamtoka usoni.

"Sabine, subiri kwanza."

"Mteja hamwambii kiongozi asubiri."

"Usiivute kamba. Nisikilize."

"Nilishasema hakuna mazungumzo." Akaivuta. Aliivuta kwa nguvu zote, mkono kwa mkono, mpaka ncha ya pili ikachomoka huko juu na kamba nzima ikaanguka ikivuma, ikawajia miguuni. "Haya. Sasa zungumza, ukuta unakusikia."

"Geuka nyuma."

Akageuka. Kijukwaa kilikuwa na vichaka vya mti mgumu wenye majani madogo, na kichaka kimoja kilikuwa kimevunjika katikati zamani, matawi mapya yameota ubavuni. Sabine hakuwahi kukanyaga mahali pale. Alipaona mara moja tu, akiwa kule juu kwenye uzio, siku helikopta ya waokoaji ilipomchukua kaka yake Rémi.

Alitakiwa kufunga kamba kushoto. Alifunga kulia. Mzaliwa wa La Palud, binti wa Firmin Garcin, kiongozi mwenye beji, amekosea mlango wa nyumba yake mwenyewe kwa sababu ya mwanamume.

"Mungu wangu," alisema, akakaa chini.

"Nilitaka kukuambia."

"Ungesema kwa nguvu."

"Ulinikataza kuzungumza."

Angalicheka, lakini machozi yalitangulia. Aurélien alichuchumaa mbele yake, mbali kidogo, mikono kwenye magoti. Alijua kwamba akimgusa sasa atasukumwa, na pale hapakuwa mahali pa kusukumana.

"Njia ya kutoka hapa hujawahi kuiongoza," alisema.

"Sijawahi, na mikono inatetemeka. Tazama."

"Basi nitatangulia mimi."

"Mteja anatangulia. Wakisikia kule kijijini nitahama nchi."

"Sitamwambia mtu."

"Kunyamaza ndiyo kazi yako," Sabine alisema. "Hilo nalijua."

Neno lile lilimpata. Aurélien alitazama kichaka kilichovunjika, akaanza kusema, na akasema kama mtu aliyeyarudia maneno yake peke yake kwenye vyumba vingi vya kukodi.

"Siku ile nilivifunga vifundo, Sabine. Vyote viwili. Sikupata kukuambia. Nilikuwa nimegeuka, nazungumza na wewe kwenye simu, unanicheka kuhusu soksi zangu. Rémi akatupa kamba, vifundo vikanasa vichakani. Akaipandisha akavifungua, akaitupa upya, ncha moja ikabaki fupi. Alishuka akapita mwisho wake. Mimi nilisikia tu matawi yakivunjika."

"Najua."

Aurélien alinyanyua kichwa.

"Rémi aliniambia mwenyewe," Sabine alisema. "Majira ya baridi yaliyopita, tukipasua kuni. Alilia kama mtoto. Ameniomba nisimwambie Baba, kwamba ataongea siku yake."

"Ulijua. Tangu baridi unajua, na hukunitafuta?"

"Nikutafute nikuambie nini?"

"Kwamba sikumvunja kaka yako."

"Mimi sikuwahi kusema umemvunja." Sauti ya Sabine ilipanda. "Kijiji kilisema hukufunga vifundo. Baba alisema. Mimi siku hiyo nilikusubiri hospitali, na kesho yake, na wiki nzima. Nilikuwa nimekuwekea kahawa kwenye chupa. Unajua kahawa ya siku mbili inavyonuka? Hukuja. Hukupiga simu. Nikasikia kwa muuza magazeti kwamba uko Italia. Sikukukasirikia kwa kamba, Aurélien. Nilikukasirikia kwa mgongo wako."

Upepo ulianza kupanda kutoka mtoni. Chini kabisa maji ya kijani yalionekana membamba, na kelele zake hazikufika. Aurélien alijisugua uso kwa viganja viwili.

"Nilikuja hospitali," alisema.

"Muongo."

"Nilikuja usiku wa kwanza. Baba yako alinikuta mlangoni. Alisema kama nakupenda nisikufanye uchague kati ya kitanda changu na kitanda cha kaka yako. Alisema niondoke bila kukuaga, maana ukiniona utachagua vibaya."

"Na wewe ukatii."

"Alikuwa analia, Sabine. Sijawahi kumwona mtu mzima analia vile. Nilidhani nafanya jambo jema."

Sabine alisimama. Hasira ya miaka mitatu ilikuwa imemzoea, imekaa ndani yake kama mpangaji anayelipa kwa wakati. Sasa ilipata kuni mpya.

"Kwa hiyo mlikaa wanaume wawili koridoni," alisema polepole, "mkanigawa kama kondoo wa mirathi. Huyu abaki zizini, huyu aende. Hakuna hata mmoja aliyepita mlango ule kuniuliza, Sabine, wewe unatakaje?"

"Hapana. Hakuna."

"Na leo umekuja kwa nini?"

"Kukuuliza."

Alilisema bila mapambo yoyote, na Sabine akakosa pa kuyaweka macho. Aurélien alikuwa karibu, na alinukia chaki ya kukaushia mikono na ile sabuni rahisi aliyokuwa akiitumia tangu zamani. Kumtamani mtu na kutaka kumpiga kofi kwa wakati mmoja ni adhabu, na Sabine aliitumikia pale akiwa ameshika kamba.

"Jifunge," alisema. "Wageni wangu wananisubiri."

Aurélien akapanda. Miaka mitatu haikumharibu. Alipita sehemu ya mwamba laini ambayo Sabine asingeithubutu mbele ya mteja, vidole kwenye vitundu vilivyochimbwa na maji ya mvua, akitafuta, akipata, akisonga. Sabine alimwachia kamba kidogo kidogo, na kila mguu wa Aurélien ulipoteleza aliibana kwa nguvu zote. Alijiambia ni wasiwasi wa kazi. Alijiambia mara nyingi, jambo ambalo ni dalili mbaya.

Walikutana kwenye kituo kidogo cha katikati, vyuma viwili na mahali pa kuweka miguu minne iliyobanana. Hapo hapakuwa na namna ya kutogusana. Bega la Sabine lilikuwa kifuani mwa Aurélien, na alisikia moyo wa mwenzake unavyopiga.

"Unampenda?" Aurélien aliuliza karibu na sikio lake.

"Gilles ni mtu mzuri."

"Sikuuliza hivyo."

"Hanisumbui."

"Na mimi?"

Sabine alitazama vidole vyake vilivyochubuka. "Wewe hujawahi kuniacha nikalala usingizi," alisema. "Ulipokuwepo sikulala, ulipoondoka sikulala. Nimechoka. Nenda juu."

"Sabine..."

"Nenda, nimesema. Nikikuangalia hapa nitasema jambo, na sitaki kulisema nikiwa nimening'inia."

Akaenda. Kamba ikapanda, ikasimama, ikapanda. Baadaye sauti yake ikashuka kutoka ukingoni kwamba amejifunga na amemshika, aje. Sabine akaanza kupanda. Kichwani alikuwa anapanga maneno: moja la Gilles, moja la Mama, moja la Aurélien, na kila akifika kwenye la Aurélien vidole vililegea ikabidi atafute tundu jingine. Alikuwa amebakiza urefu wa nyumba moja hivi aliposikia mlango wa gari, kisha hatua kwenye kokoto.

Alizijua hatua zile. Mama, alipoona saa imepita, lazima alimtuma Baba aje kutazama.

"Wewe," sauti ya Firmin Garcin ilisema.

"Shikamoo, Mzee Garcin."

"Nilikuambia nini hospitali?"

"Uliniambia niondoke."

"Basi bado nasema hilo hilo. Ondoka."

"Leo siwezi, Mzee," Aurélien alisema. "Nimemshika Sabine."

 Sabine, shavu kwenye mwamba wa moto, alimwona baba yake bila kumwona: kofia yake ya sufi, darubini yake ya kutafutia kondoo shingoni, macho yakifuata kamba kutoka mikono ya yule asiyemtaka mpaka pale inapozama ukingoni. Kamba yenyewe haikuyumba. Ilikaa vile vile, si ya kubana, si ya kulegea.

"Mfikishe juu, halafu uondoke," Firmin alisema.

"Nitamfikisha juu. Hilo la pili siahidi tena."

Hapo ndipo Sabine alipofanya jambo ambalo viongozi humkaripia mteja akilifanya. Aliachia mikono yote miwili, akakaa kwenye mkanda wake, uzito wote ukamwendea Aurélien.

"Sabine? Kuna nini?"

"Nimechoka," alijibu. Hakuwa amechoka hata chembe. "Nyie endeleeni kuzungumza. Nawasikia vizuri."

"Sabine," baba yake aliita, "panda, mwanangu. Chakula kinapoa."

"Kikipoa kitapashwa."

"Gilles ameshafika."

"Na yeye apashwe. Baba, ni kweli ulimfukuza huyu mtu hospitali?"

 Kule juu watalii wa Kijerumani waliokuwa wanakula mikate yao kwenye benchi waliacha kutafuna. Lugha hawakuijua, ila ugomvi wa nyumbani hauhitaji mkalimani.

"Ni kweli," Firmin alisema.

"Kwa sababu ya vifundo?"

"Sabine, hayo tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani tumekaa nayo miaka mitatu na hakuna aliyezungumza. Baba, kuhusu vile vifundo, kuna mtu nyumbani ana jambo la..."

"Najua," Firmin alisema.

"Unajua nini?"

"Najua nani alivifungua. Rémi aliropoka kwenye homa usiku ule ule. Nilikuwa nimeshika mkono wake, nikasikia kila kitu."

Kamba ilitetemeka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Ulijua?" Sauti ya Aurélien ilitoka ndogo. "Mzee, ulijua, ukatoka koridoni ukaniangalia machoni ukaniambia nimemvunja mwanao?"

"Nilijua."

"Miaka mitatu naamka usiku nikivifunga vifundo vile... Kwa nini?"

Firmin Garcin alikuwa mtu wa maneno machache, mengi ya hayo akiwaambia mbwa. Sabine hakuwahi kumsikia akisema sentensi ndefu. Siku ile aliisema, na aliisema akiwa ameigeuzia uso korongo, kwa hiyo ilimshukia bintiye moja kwa moja.

"Kwa sababu nilikuwa na mtoto mmoja kitandani, hajui kama atasimama, na mwingine kila jioni anatazama ng'ambo. Mlikuwa mmeshachagua nyumba kule kwenu, ulidhani sijui? Nikaona wote wawili wanakwenda, nabaki na mama yao na mabakuli. Ningekuambiaje? Niachie binti yangu kwa kuwa naogopa? Mtu hasemi hivyo. Mtu anatafuta kosa la mwenzake, na lako lilikuwa limelala pale mlangoni, nikaliokota."

Sabine alilia. Alilia huku ananing'inia, bila kujificha, maana pale hapakuwa na wa kumwona isipokuwa tumbusi. Alimpenda baba yake vibaya sana dakika ile, na hakuwa tayari kumsamehe. Alimpenda na yule wa pili, na yeye pia hakuwa tayari kumsamehe. Akafuta kamasi kwa mkono wa shati, akapanda.

Ukingoni alikuta mkono wa baba yake umenyooshwa, umejaa makovu ya mkasi wa kunyolea kondoo. Aurélien hakuweza kunyoosha wake, alikuwa ameishika kamba. Sabine aliushika mzizi wa mreteni, akajivuta mwenyewe, akasimama kati yao vumbi jeupe limemjaa magotini.

"Baba," alisema, "sina ugomvi na wewe kwa kuogopa. Nina ugomvi na wewe kwa kutoniuliza. Ungeniuliza, ningebaki. Kwa Rémi ningebaki. Ulinifungia mlango ambao sikuwa natoka."

Firmin alivua kofia yake.

"Na wewe," akamgeukia Aurélien, "kosa lako ni hilo hilo, nalo halipungui kwa kuwa mtu alikuwa analia. Umesema umekuja kuniuliza. Uliza."

"Hapa?"

"Hapa. Mbele yake. Na mbele ya Wajerumani."

Aurélien alijifungua kamba, akaiacha ianguke. Mikono yake sasa haikuwa na kazi na hakujua aiweke wapi.

"Bado unanitaka?"

"Nakutaka," Sabine alisema, na lilipotoka alishangaa lilivyokuwa jepesi. "Nilikutaka hata nilipokuwa nakunywa ile kahawa iliyooza."

"Utakuja na mimi Italia?"

"La."

Firmin alishusha pumzi.

"Usifurahi mapema, Baba. Italia siendi, na chumba changu cha utoto nacho nakihama. Kazi yangu iko kwenye kuta hizi. Anayenitaka aje aishi hapa, alipe kodi kama watu wengine, asalimiane na kijiji kizima kila asubuhi."

"La Palud hawanitaki," Aurélien alisema.

"Watakuzoea. Wamewazoea Wajerumani."

Aurélien alicheka, kicheko kikavunjika njiani. Alipiga hatua moja kumwelekea, na Sabine akaweka kiganja kifuani pake, akamzuia pale pale. Kiganja hakikusukuma wala hakikuondoka.

"Bado," alisema. "Kuna mtu amenyoa nywele kwa ajili yangu na hajanikosea kitu. Nitamwambia mwenyewe, na nitamwambia kwa heshima. Mpaka hapo, usinishike."

"Na Rémi?" Firmin aliuliza kwa sauti ya chini. "Utalisema mezani, mbele yake?"

"Hilo si langu. Wewe unajua, mimi najua, huyu anajua. Kila mmoja anamficha mwenzake kitu ambacho mwenzake anacho. Akitaka Rémi atasema. Asipotaka tutakula."

"Tutakula," Firmin alirudia. Akamtazama Aurélien kuanzia viatu hadi kichwani, kama anavyotazama kondoo dume mnadani bila mpango wa kumnunua. "Mezani viti vimejaa."

"Basi atakaa kwenye changu," Sabine alisema. "Mimi leo siwezi kukaa."

 Firmin aliiendea gari yake kuukuu, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kutoa magunia ya chakula cha kondoo yaliyojaa kitini. Akayapanga kwenye buti moja baada ya jingine, polepole kuliko ilivyohitajika. Alipomaliza alipangusa kiti kwa kofia yake, akaenda kukaa mbele, akawasha injini, macho barabarani.

Mlango wa nyuma aliuacha wazi.

Aurélien alimtazama Sabine. "Amenikubali?"

"Hajakubali. Mimi mwenyewe sijui kama nimekubali." Sabine aliinua furushi la kamba akamtwika mikononi. "Ingia haraka, kabla mmoja wetu hajaghairi."